Mla Michembe na Mnuka Furu

Lori la mashudu likipita karibu nami, mimi husimama. Wenzangu wa ofisini hapa Lagangabilili wanadhani naogopa vumbi, na mimi nawaacha wadhani hivyo, maana ukimweleza mtu mzima kwamba umesimama kwa sababu umesikia harufu ya mikono ya baba yako, atakuangalia mara mbili. Mliokulia kwetu mnaijua harufu hiyo. Mbegu za pamba zikishakamuliwa mafuta, makapi yake hubaki na utamu fulani unaokaribia kuoza, na ng'ombe huyapenda kama watoto wanavyopenda sukari guru. Baba alikuwa mbeba mizigo kwenye kiwanda cha kukamulia mafuta, Bariadi mjini, na alikuwa bondia. Gunia lake la mazoezi alilijaza mashudu, akalining'iniza kwenye mwarobaini uani. Mvua zikija liliota ukungu na kufuga wadudu, na yeye alilipiga vivyo hivyo. Akitushika mashavu jioni, tulinukia kama zizi.

Mama alilalamika kuhusu harufu hiyo kila siku ya Mungu. Sasa Baba hayupo, na juzi nimemkuta mama amesimama nyuma ya nyumba ya jirani, kwenye ghala la chakula cha mifugo, hafanyi chochote. Nikarudi kimyakimya nilikotoka.

Nilikuwa mtoto wa kwanza, na wa kike, na kwa muda mrefu wa pekee. Baba hakuwa na subira ya kusubiri mtoto wa kiume wa kumrithisha ngumi, akanirithisha mimi macho. Mnakumbuka vibanda vya video vya enzi zetu, mabati juu, mabati pembeni, joto la tanuri, na benchi zinazokuchana nguo. Jumamosi mchana Baba alinipeleka kuangalia kanda za ngumi. Alikaa nyuma, mimi katikati ya magoti yake, na mambo yakipamba moto aliinamia sikio langu.

"Nani ameumia hapo?"

"Huyo mwenye damu, baba."

"Hapana, ng'wana wane, mwanangu. Damu ni ngozi tu, ngozi inashonwa. Mwangalie yule anayecheka."

Nikamwangalia. Kweli yule asiye na damu alikuwa akitabasamu na kutikisa kichwa, kama anayesema hata hujanigusa. Kabla sijamaliza kumtazama, akadondoka.

"Mtu asiyeumia hana sababu ya kucheka ulingoni," Baba akasema. "Pale kuna kichekesho gani?"

Ndivyo nilivyosomeshwa. Aliyeumia kwanza hudanganya kwa uso, akasema, lakini miguu haijui kudanganya, kwa hiyo ukimtilia mtu shaka shuka chini uitazame miguu. Aliyeumia kisha hukumbatia. Humvuta mwenzake, humfunga mikono, humwekea kidevu begani na kuomba Mungu mwamuzi achelewe kuwatenganisha. Akishindwa hilo, hupiga goti mwenyewe kabla hajaangushwa, na hapo asiwe na kiherehere cha kuinuka. Hesabu ya mwamuzi ni yako, Baba alisema, itumie mpaka nane, vuta pumzi kama mtu anayekunywa maji. Mambo hayo niliyapenda. Niliyaona kama michezo ya kujificha.

Upande wa pili wa somo sikuupenda, ila niliujua vilevile. Baba alinifundisha uani, siku mama aliponituma nimkamate jogoo wa mboga nikamkimbiza mpaka nikalia.

"Ukimkimbilia anakushinda," akaniambia. "Bondia aliyeumia ni hivyohivyo. Ukimrukia, unampa ngumi ya bure. Msogelee taratibu, umzibie njia, mpaka ajikute kwenye kona mwenyewe. Halafu piga mwili kwanza. Mikono ikishuka kulinda mbavu, kichwa kinabaki peke yake." Akanionyesha kwa kumsogelea jogoo, bega moja mbele, bila haraka yoyote. "Na usimwache apumue. Mtu aliyeumia ukimwachia pumzi moja, umemrudishia maisha yake."

"Unamfundisha mtoto wa kike mambo gani hayo?" mama aliuliza toka jikoni.

"Namfundisha kukamata kuku," Baba akajibu, na jogoo alikuwa tayari mkononi mwake.

Sasa nimlete Luhende, maana bila yeye hadithi hii ingekuwa ya kuku tu.

Luhende alikuwa mtu wa Lamadi, wa kando ya ziwa, mwenye kifua kipana na sauti ya kuitia mitumbwi. Alileta dagaa na furu waliokaushwa kwenye soko letu, na yeye pia alipiga ngumi. Zaidi ya yote alikuwa mtani wetu. Ukoo wake na wa Baba walikuwa watani tangu kwa mababu, kwa jambo ambalo kila mzee alilieleza kwa namna yake, na utani huo ulikuwa kazi kamili. Luhende hakuwahi kutusalimia kwa adabu hata siku moja. Alianza kututukana akiwa bado barabarani.

"Mla michembe! Umo humo au umeshakufa kwa njaa?"

"Nimesikia harufu nikajua ni wewe, mnuka furu!" Baba alijibu akitoka nje, uso umemchangamka wote.

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, na kwa watu wa samaki hicho ndicho chakula cha watu waliosahaulika na Mungu. Baba naye alimwambia kwamba hata akioga ziwa zima, furu hatamtoka. Kisha walikamatana. Waliviringishana uani wakiangusha ndoo, Luhende akiita majirani waje washuhudie mtumwa wake anavyomgomea, mpaka mama alipowamwagia maji ya kuoshea vyombo. Wakaingia ndani kula. Luhende alikula michembe yetu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Bibi yangu mzaa baba alipofariki, Luhende alifika na kundi la watani wenzake. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa pembeni ya nyumba, watu wanalia, jeneza linasubiriwa, na yeye akaruka ndani ya kaburi. Akajilaza chali, mikono kifuani, ulimi nje, mguu mmoja akiutikisa kama wa mbuzi aliyechinjwa.

"Siondoki!" akapiga kelele. "Bibi huyu aliniahidi jogoo. Kuku wangu yuko wapi? Nizikeni naye!"

Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka, na Baba, aliyekuwa hajala tangu msiba ulipoanza, alicheka mpaka akakaa chini. Jogoo akaletwa. Luhende akaruka nje kama chura, akamkumbatia Baba na jogoo katikati, na bibi akazikwa. Wakubwa walijua kwamba huo ndio wajibu wa mtani, kumwondolea mfiwa sumu moyoni. Mimi nilielewa jambo jingine. Nilielewa kwamba Luhende akilala chali na kutikisa mguu, dawa yake ni kuku.

Ilifika msimu wa pamba ambao watu bado wanauzungumzia, mvua ilikuwa imekubali na kila mtu alitaka sherehe. Promota mmoja kutoka Mwanza akaja kutafuta bondia wa kumpeleka huko kwenye pambano kubwa. Aliwaona wengi, akabaki na wawili, Baba na Luhende, akasema wapigane wenyewe kwa wenyewe, atakayeshinda aende. Wao wenyewe walicheka sana. Luhende alikuja nyumbani kutangaza kwamba atamrudisha Baba shambani kwa machela. Mama peke yake hakucheka.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alisema. "Mmezoea kutukanana. Hamjazoea kupigana."

"Mama Kabula, sisi tunapigana kila akija hapa," Baba akasema.

"Hapa ninyi mnabomoa ndoo zangu. Nyie kapiganeni, mimi siendi."

Hakwenda. Nilikwenda na mjomba, kaka yake mama, aliyeninyanyua na kunikalisha juu ya pipa karibu na kona ya Baba. Ulingo ulikuwa mbao juu ya mapipa, turubai juu ya mbao, kamba za katani kuzunguka. Jua lilikuwa linashuka, limekuwa jekundu kwa vumbi. Sungusungu walikuwa na fimbo zao wakiwazuia watu wasipande. Niliona Baba akipakwa mafuta ya mgando usoni, nikaona na Luhende akipakwa, nikafurahi kama mtu anayesubiri ngoma ya kwao.

Raundi za mwanzo zilikuwa kama uani kwetu tu, bila ndoo. Walirushiana ngumi na matusi pamoja, matusi yakipita kwa shida kwenye vilinda meno. Watu walishangilia yote mawili. Kisha, sijui raundi ya ngapi, Luhende alizungusha mkono wa kulia ukamkuta Baba nyuma ya sikio. Haikutoa sauti kubwa. Ila miguu ya Baba ikaanza kwenda kila mmoja na njia yake, na Baba akatabasamu.

Ungekuwa uso wa bondia mwingine ningejua mara moja. Lakini hawa wawili walikuwa wakichekeana tangu nizaliwe, na kukumbatiana ilikuwa ndiyo salamu yao. Baba alipomvuta Luhende na kumwekea kidevu begani, nilisema moyoni, wamepatana, sasa tutakwenda nyumbani kula. Mwamuzi akawatenganisha. Luhende akampiga tena, na Baba akapiga goti. Akainamisha kichwa, akavuta pumzi, akasubiri mpaka nane kama alivyonifundisha, akainuka. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini akaulizwa jina.

Pale ndipo kila kitu kingeweza kwisha. Nimekirudia kipande hicho kichwani mara nyingi kuliko ninavyorudia sala. Luhende alikuwa anajua, bondia gani asijue? Baba alikuwa amesimama wazi, mikono mizito, macho hayamtazami mtu. Luhende akapiga hatua moja mbele, akasita, halafu akarudi nyuma. Akawageukia watu na kutandaza glavu zake.

"Jamani, mleteeni michembe! Ana njaa huyu!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Alizunguka ulingo mzima akidai michembe kwa watazamaji, na mtu mmoja kweli akamtupia kipande cha muhogo. Kengele ikalia Luhende bado anachekesha watu. Baba akakaa kwenye kona yake, karibu nami kiasi kwamba niliisikia ile harufu, na akavuta pumzi, na nikaona macho yake yanarudi. Hakunitazama.

Raundi iliyofuata Baba alitoka na miguu mipya. Luhende alikuwa bado na kichekesho mdomoni alipopigwa ngumi ya kushoto chini ya mbavu, upande wa ini. Akakunjika kidogo. Akacheka. Akamkumbatia Baba, akalaza kidevu begani kwake, na uso wake ukawa umenielekea mimi pale juu ya pipa. Nilimpungia mkono. Nikaona midomo yake ikicheza karibu na sikio la Baba, nikajua amempa tusi jipya, na nikajiahidi kumuuliza Baba tusi hilo tukifika nyumbani.

Baba akamsukuma kwa bega ili apate nafasi. Kisha akamsogelea kwa mwendo nilioujua, bega moja mbele, bila haraka yoyote, akimzibia njia, mpaka mgongo wa Luhende ukagusa kamba za kona. Akapiga mwili. Akapiga mwili tena. Mikono ya Luhende ikashuka kulinda mbavu.

Alianguka chali. Mkono mmoja ulimlalia kifuani na mguu wake wa kushoto ukawa unatikisika, unatikisika kwenye turubai.

Nilipiga makofi. Nilicheka kwa sauti yangu yote nikapayuka, "Mpeni kuku wake! Mpeni kuku wake aamke!" Waliokuwa karibu nasi, walioujua utani wetu, nao walicheka. Halafu mmoja akanyamaza, na mwingine, na mwisho nikabaki nacheka peke yangu, mpaka mkono wa mjomba ukaniziba mdomo. Mkono ule ulinuka tumbaku. Juu ulingoni mwamuzi alikuwa ameshaacha kuhesabu na amepiga magoti, na Baba alikuwa amesimama kwenye kona ya mbali, mikono yake bado juu kwa ushindi, ameisahau huko. Mguu haukuwa umetulia.

Walimpandisha kwenye pikapu ya kubebea pamba wakamkimbiza hospitali. Hakufa. Nawaambia mapema msije mkasubiri kifo chake, kama nilivyokisubiri mimi siku zile, nikiwasikia wakubwa wakinong'ona na kunyamaza niingiapo. Hakufa, ila aliporudi kwao Lamadi alirudi na mguu wa kushoto unaoburuzwa na maneno yanayokuja moja moja. Ngumi ziliisha. Kuvuta nyavu kuliisha. Mkewe akawa ndiye anayesafiri na samaki.

Baba hakwenda Mwanza. Promota alikuja nyumbani akaongea na mlango. Siku moja Baba akalishusha gunia toka kwenye mwarobaini, akalipasua kwa kisu na kumwaga mashudu yote kwenye hori. Ng'ombe walilila gunia la Baba kwa furaha, wakilamba mpaka mbao.

Tulikwenda Lamadi kumwona. Mama alifunga michembe kwenye kikapu, iliyo myeupe na mikavu, ya kuchagua. Njia nzima Baba alikuwa akitikisa midomo, na mimi nilijua anafanya nini, alikuwa anaandaa matusi. Tulimkuta Luhende ameketi kivulini mbele ya nyumba, mguu umenyooshwa. Baba alianzia mbali, kama desturi.

"Mnuka furu! Hujafa tu?"

Luhende akageuza kichwa polepole. Akajaribu kuinuka, akashindwa, akavua kofia yake.

"Mwadila, kaka," akasema. "Sijafa. Namshukuru Mungu. Karibuni."

Sijui kama nitaweza kuwaeleza wasio na watani. Neno hilo "kaka" lilikuwa la heshima na salamu ilikuwa nzuri, mtu mwingine angesema tumepokewa vizuri sana. Kwa mtani, adabu ni mlango uliofungwa kwa ndani. Baba alisimama na kikapu chake. Akajaribu tena.

"Leo umeoga kweli wewe?"

"Nimeoga, kaka."

Mkewe aliinamia chungu chake. Tulikula ugali na samaki wao, na Luhende alionja kipande kimoja cha michembe, akashukuru, "Wabeja," akakiweka pembeni. Aliuliza habari za mama, za shamba, za mvua. Nilisubiri, nikiwa mtoto, nikisubiri aniite hata mimi jina baya. Aliniuliza nasoma darasa la ngapi.

Tukiwa njiani kurudi nilimtazama Baba. Alikuwa akitabasamu dirishani. Akamtabasamia kondakta, akamtabasamia mtu aliyemkanyaga. Nikaikumbuka sauti yake mwenyewe kwenye kibanda cha mabati, nikashusha macho nikaitazama miguu yake. Magoti yalikuwa yanagongana. Nilikuwa mtoto mdogo, na ndiyo siku nilipojua kwamba ile elimu aliyonipa haikuwa ya ngumi peke yake, nami sikuitaka tena, na haikunitoka. Mpaka leo watu wakinichekea natazama miguu yao.

Alikwenda tena Lamadi, miaka na miaka, peke yake, daima na michembe. Daima alirudi anatabasamu. Mama alimwambia aache, maji yakimwagika hayazoleki, na yeye akamjibu kwamba haendi kuzoa maji, anakwenda kutukanwa.

Ugonjwa wa tumbo ulipomkamata mwaka jana, alifanya hospitali yote ulingo wake. "Sijambo, daktari," alisema akicheka, jasho likimtiririka. Ikabidi nimweleze daktari wazi kwamba mzee huyu akicheka ndipo amuongezee dawa. Mchana mmoja, nikiwa namkanda mikono ili muda uende, nikamuuliza jambo nililojiahidi kuuliza toka juu ya pipa.

"Baba, Luhende alikwambia nini sikioni siku ile?"

Aligeuza uso akatazama dirishani.

"Alisema, 'Nishike kidogo, mla michembe. Nishike nisianguke.'"

Nikaendelea kukanda.

"Nikadhani ni hila," Baba akasema. "Ningekuwa mimi ingekuwa hila. Yeye aliniachia nikapumua, Kabula. Alikuwa amenipata pale, angeweza kunimaliza, akaniachia, akaomba michembe. Mimi nilishikwa hivi," akainua mikono kunionyesha namna, "nikasema moyoni, huyu ameumia. Nikafanya kazi yangu." Akatabasamu. "Natamani anitukane tu. Mara moja, nisikie, ndipo nife."

Nikatoka nje ya wodi nikapiga simu Lamadi. Mkewe alipokea, akampelekea. Nilisikia pumzi yake muda mrefu kabla ya maneno. Nikamwambia hali ya Baba, nikamsihi, nikamwambia kabisa, mzee, mtukane, naweka simu sikioni kwake. Mwisho akasema, neno kwa neno, "Mwambie kaka nampa pole." Nikarudi nikamwambia Baba kwamba mnuka furu anamsalimia. Hakuniuliza amesemaje. Siku chache baadaye akafariki.

Siku ya mazishi watani wengine walifika na vituko vyao, wakapaka watu majivu, lakini hakuna aliyethubutu kulisogelea kaburi. Wote walijua ni la nani kuingia. Jeneza lilikuwa karibu kutolewa ndani pikipiki iliposimama, na Luhende akateremshwa, amezeeka, fimbo mkononi. Watu wakampisha. Hakumsalimia mtu. Alikokota mguu wake mpaka ukingoni, akatupa fimbo ndani, akakaa, akajiachia akateleza kuifuata. Tulimsikia akigonga chini.

Kisha ile sauti ya kuitia mitumbwi, imepasuka, inakwama, lakini ni yenyewe.

"Mla michembe! Mvivu wewe! Hata shimo... umechimbiwa na wenzako! Nani amekuruhusu... uondoke kwangu bila ruhusa? Mimi sitoki humu. Kuku wangu yuko wapi?"

Mama alipiga yowe ambalo nilidhani ni la kilio, kumbe anacheka. Walicheka wote, machozi yakiwatiririka, uani kote, mjomba wangu mzee akijishika mbavu. Nami nilicheka na kulia na kumkasirikia, kwa nini leo, kwa nini hakuyasema kwenye simu. Mdogo wangu akakimbia na jogoo, akamteremshia.

"Haya toka sasa, mtani!" watu wakapiga kelele.

"Sitoki! Humu... pazuri!"

Kicheko kikazidi. Nikasogea ukingoni nitazame. Alikuwa ameegemea udongo, jogoo kwapani, ameinua uso kwa watu, anatabasamu na kutikisa kichwa kama anayesema hata sijaguswa.

Nani ameumia hapo, ng'wana wane?

Nikashusha macho. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekunjika chini yake na unatikisika, unatikisika kwenye udongo mbichi. Mkono wake ulikuwa unatafuta pa kushika kwenye ukuta wa kaburi na udongo unamomonyoka.

Nilivua viatu. Mtu mmoja akapiga kelele nyuma yangu kwamba mwanamke haingii kaburini, na mimi nilikuwa nimeshaingia. Alinuka furu, kweli, miaka yote hiyo. Jogoo akatuponyoka. Luhende akanivuta, akaniwekea kidevu begani, uzito wake wote, na midomo yake ikacheza karibu na sikio langu.

"Nishike kidogo," akasema, "mtoto wa mla michembe."

"Nimekushika, mnuka furu."

Juu yetu watu walikuwa bado wanacheka. Nikamshika, nikamshika, mpaka mguu wake ulipotulia.